Ukihamia Ng'ambo, Ushuru Wako Unabaki Wapi?

Ukitembea Kibokoni, Kuze au Makadara, ni nadra kupita nyumba tano bila kukuta moja yenye mtu wake ng'ambo. Mmoja yuko Muscat, mwengine Doha, mwengine Jeddah, na wengine wamefika London na Toronto. Pesa zao zinaingia kwenye simu za mama, dada na wake zao huku Mji wa Kale, na sisi ndio tunaozipitisha. Kwa hivyo tunasikia maswali mengi. Ada ni ngapi? Itafika saa ngapi? Nikikosea nambari nifanyeje?

Swali la ushuru huwa halisikiki mpaka siku mtu anapotaka kitu: cheti cha ushuru kwa ajili ya kazi, kuuza kiwanja, au kutoa gari bandarini. Hapo ndipo mtu anapogundua PIN yake ina faini ya miaka kadhaa. Ndiyo maana leo tumeamua kulizungumzia mapema.

Kabla hatujaendelea, tuelewane kwa maneno. Hapa kwetu "kodi" watu wengi huelewa ni ile ya nyumba, ya mwisho wa mwezi. Kwenye makala haya, kodi ni ya nyumba, na ushuru ni wa serikali. Tukichanganya haya mawili tutapotezana.

Ushuru haufuati pasipoti, unafuata ukazi

Wengi wanadhani hivi: mimi ni Mkenya, basi nalipa Kenya, nikiondoka, silipi tena. Yote mawili si sahihi. Sheria ya Ushuru wa Mapato ya Kenya, Sura ya 470, haiulizi kwanza wewe ni raia wa wapi. Inauliza: mwaka huu ulikuwa mkazi wa Kenya au hukuwa? Mwaka wenyewe unahesabiwa kuanzia Januari hadi Desemba.

Unahesabika mkazi ukiingia katika mojawapo ya hali hizi tatu:

1. Una makao ya kudumu Kenya, na ulikanyaga Kenya mwaka huo, hata kwa siku chache.
2. Huna makao ya kudumu, lakini ulikaa Kenya jumla ya siku 183 au zaidi mwaka huo.
3. Huna makao ya kudumu, lakini ulikuwa Kenya mwaka huo na miaka miwili iliyotangulia, kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kila mwaka.

Hiyo ya tatu ndiyo inayowapata wafanyabiashara wa kwenda na kurudi. Tuseme mtu alikaa Mombasa siku 130 mwaka huu, 120 mwaka jana na 125 mwaka juzi. Hakuna mwaka aliofika siku 183. Lakini jumla ni siku 375, ukigawanya kwa tatu unapata 125. Amepita 122, kwa hivyo ni mkazi mwaka huu.

Ile ya kwanza ndiyo inayowahusu wengi wa Mji wa Kale. Ukiwa na nyumba yako Mkanyageni, mke na watoto wako ndani, ufunguo uko mfukoni mwako, na ukaja Idd kwa wiki tatu, sheria inaweza kukuhesabu mkazi kwa mwaka ule mzima. Wiki tatu tu.

Kwani ukiwa mkazi kunabadilika nini?

Kuna mambo mawili.

Kwanza, mkazi anatozwa ushuru wa mshahara alioupata ndani ya Kenya na ule alioupata nje. Asiye mkazi anatozwa kwa mapato yaliyotoka Kenya tu: kodi ya nyumba yake, biashara yake ya hapa, riba na kadhalika.

Pili, mkazi ana afueni ambazo asiye mkazi hazipati. Kubwa ni ile ya shilingi 2,400 kwa mwezi inayopunguzwa kwenye ushuru wa mshahara.

Sasa tuilete Ghuba. Oman, Saudi Arabia, Qatar, Imarati, Kuwait na Bahrain hazikati ushuru wa mapato kwenye mshahara wa mfanyakazi. Hilo ni kweli na ndilo linalowavutia wengi. Oman imeshatoa sheria mpya mwaka 2025 ya kukata asilimia 5, lakini itaanza Januari 2028 na inawagusa wanaopata zaidi ya riali 42,000 kwa mwaka. Mfanyakazi wa kawaida haimfikii.

Lakini ile afueni ya kutotozwa mara mbili inafanya kazi vipi? Raia wa Kenya aliyekatwa ushuru wa mshahara ng'ambo anaruhusiwa kuutumia ushuru huo kupunguza ule anaodaiwa Kenya. Anayefanya kazi nchi inayokata, anaonyesha karatasi na kupunguziwa. Anayefanya kazi Ghuba hana alichokatwa, kwa hivyo hana cha kuonyesha. Ndiyo kusema, kama kwa mwaka huo anahesabika mkazi wa Kenya, mshahara wake wa Ghuba unaweza kuhesabiwa hapa kama mshahara wowote.

Tuchukue mfano wa kubuni. Binti wa Kibokoni anafanya kazi Riyadh, mshahara wake ukibadilishwa ni shilingi 35,000 kwa mwezi. Kama angekuwa mkazi wa Kenya mwaka huo, hesabu yake ni hii:

- Shilingi 24,000 za kwanza kwa asilimia 10: 2,400
- Shilingi 8,333 zinazofuata kwa asilimia 25: 2,083
- Zilizobaki 2,667 kwa asilimia 30: 800
- Jumla: 5,283
- Toa afueni ya 2,400: inabaki 2,883 kwa mwezi

Kwa mwaka ni kama shilingi 34,600. Si pesa ndogo kwa mtu anayesomesha wadogo zake. Na kama mshahara wake ungekuwa 24,000 au chini, afueni ingeumeza ushuru wote na asingedaiwa kitu, ila ritani angepaswa kuifaili.

Hatusemi haya kumtisha mtu. Tunayasema kwa sababu tofauti ya kudaiwa na kutodaiwa inakaa kwenye mambo ambayo unaweza kuyaandaa: muhuri kwenye pasipoti, mkataba wa kazi, na jibu la swali moja, makao yako ya kudumu yako wapi. Mtu aliyehamisha familia, akapangisha nyumba yake kwa watu wengine na hakurudi mwaka mzima, yuko katika hali tofauti kabisa na yule aliyeacha nyumba wazi ikimsubiri. Nchi nyengine, kama Imarati na Qatar, zina mkataba na Kenya wa kuzuia kutozwa mara mbili, na mkataba huo una kanuni za kuamua mtu ni mkazi wa upande gani pale pande zote mbili zinapomdai. Kama hesabu yako iko katikati, usikisie. Peleka karatasi zako KRA au kwa mshauri wa ushuru aliyesajiliwa ukapate jibu lako.

Pesa anazotumiwa mama zinatozwa ushuru?

Hili ndilo swali tunaloulizwa zaidi, na jibu lake ni jepesi: hapana. Pesa mtoto anazomtumia mzazi kwa matumizi ya nyumbani si mapato ya mzazi. Hazikatwi ushuru wa mapato kwa sababu tu zimeingia kwenye simu.

Kinachokatwa ni ushuru juu ya ada ya kutuma. Sheria ya Fedha ya 2023 iliuweka kuwa asilimia 15 ya ada. Ada ikiwa shilingi 100, ushuru ni 15. Haukatwi kwenye zile elfu ishirini unazotuma. Ukisikia mtu anakwambia umetumiwa laki moja na lazima "ulipe ushuru" kwanza ndipo pesa ifunguke, huyo ni mwizi. Hakuna utaratibu kama huo.

Lakini kuna pesa nyengine zinazopita kwenye simu hiyo hiyo ambazo si zawadi. Mfano wa kila siku: kaka yuko Dubai, ana vyumba viwili vya kupangisha Majengo, na dada yake ndiye anayepokea kodi kwenye laini yake. Mwezi huo huo kaka anamtumia matumizi ya mama. Vyote vinaingia sehemu moja, vinatoka pamoja. Baada ya miaka mitatu, hakuna anayeweza kusema ipi ilikuwa kodi na ipi ilikuwa ya dawa za mama. Siku ya kuulizwa, dada ndiye anayeonekana ana nyumba za kupangisha.

Dawa yake ni ndogo. Tenga laini moja au till moja ya kodi peke yake. Mwambie mpangaji aandike nambari ya chumba kwenye malipo pale panapowezekana. Na kila mwisho wa mwaka pakua taarifa ya miamala uihifadhi kwenye barua pepe. Taarifa hiyo ni ushahidi wako.

Una nyumba ya kupangisha? Hapa ndipo pesa ilipo

Kodi ya nyumba iliyo Kenya inatozwa ushuru Kenya, uwe uko Ganjoni au uko Glasgow. Kinachobadilika ni kiwango.

Mkazi anayepata kodi ya nyumba za kuishi kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka analipa asilimia 7.5 ya kodi yote, bila kutoa gharama. Kiwango hicho kilianza Januari 2024; kabla yake kilikuwa asilimia 10. Malipo ni kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita.

Asiye mkazi haingii kwenye mpango huo. Yeye anakatwa asilimia 30 ya kodi, na anayepaswa kuikata na kuipeleka KRA ni yule anayemlipa, yaani mpangaji au ajenti.

Weka kwenye nyumba ya shilingi 30,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba akiwa mkazi analipa 2,250. Akiwa si mkazi, 9,000. Nyumba ile ile, mpangaji yule yule. Kwa hivyo usiseme "mimi si mkazi" kwa sababu tu inakusaidia kwenye mshahara wa ng'ambo, halafu ukasema "mimi ni mkazi" kwenye kodi ya nyumba. Kwa mwaka mmoja uko upande mmoja, na hesabu zako zote ziseme kitu kimoja.

Vivyo hivyo kwa mgao wa hisa: mkazi anakatwa asilimia 5, asiye mkazi asilimia 15. Na ukiuza kiwanja au nyumba kwa faida, ushuru wa faida ni asilimia 15 tangu Januari 2023, uwe mkazi au usiwe.

Walioko Uingereza, Kanada na Marekani

Huko mambo ni kinyume na Ghuba. Mshahara unakatwa kule kule, na nchi zenyewe zinauliza pia kuhusu kodi ya nyumba yako ya Tudor.

Uingereza inahesabu mwaka wake kuanzia tarehe 6 Aprili hadi tarehe 5 Aprili, kwa hivyo miaka miwili hii hailingani na ya Kenya. Ukihama katikati ya mwaka, weka hati za mshahara za kila mwezi, si ile ya mwaka pekee. Kuanzia Aprili 2025, mtu anayehamia Uingereza baada ya kutokuwa mkazi wa ushuru wa huko kwa miaka 10 anaweza kuomba mapato yake ya nje yasitozwe huko kwa miaka minne ya kwanza. Hilo ni la kuomba, haliji lenyewe.

Kanada inataka ritani za watu binafsi kufikia tarehe 30 Aprili, na inaangalia zaidi uhusiano wako na nchi: nyumba, mwenza, watoto. Marekani inataka kufikia tarehe 15 Aprili, na mwenye kadi ya ukazi wa kudumu anatakiwa kutaja mapato yake ya dunia nzima, ikiwemo kodi ya Majengo.

Kenya ina mikataba ya kuzuia kutozwa mara mbili na Uingereza na Kanada. Na Marekani haina. Haina maana utalipa mara mbili kwa kila kitu, ila maana yake ni kwamba risiti za ushuru uliolipa Kenya utazihitaji ukifaili kule.

Na wanaohamia Mombasa?

Kisiwa chetu hakijawahi kuwa cha kuondoka tu. Watu wanakuja kutoka Tanga, Unguja, Pemba, Ngazija na Yemen, kama walivyokuja enzi za majahazi ya kaskazi. Hesabu za ukazi ni zile zile. Mgeni aliyeajiriwa hapa anakatwa ushuru wa mshahara tangu mwezi wa kwanza. Kinachosubiri hesabu ya siku ni zile afueni za mkazi. Hata akitoka nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, asitegemee kwamba jumuiya imemaliza suala hilo. Uraia wa jumuiya unasaidia mpakani, lakini haubadilishi hesabu ya siku 183.

Faini ndogo inayokua kimya kimya

Ukiwa na PIN ya KRA iliyosajiliwa kwa ushuru wa mapato, ritani inatakiwa kila mwaka kufikia tarehe 30 Juni, ya mwaka uliotangulia. Hata kama hukupata chochote Kenya. Ukikosa, faini ya mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ile iliyo kubwa. Miaka mitano ya kunyamaza ni 10,000, kabla ya riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwa ushuru wowote ambao haukulipwa.

Ritani ya sufuri inafailiwa bure kwenye iTax ukiwa popote. Lakini sufuri iwe sufuri kweli. Mtu mwenye kodi inayoingia kila mwezi kwenye simu ya dada yake hana sufuri.

PIN mbili, usizichanganye

Hapa tunaomba usikilize kwa makini. PIN ya KRA ni nambari ya usajili. Mwajiri, benki na wakili wanaweza kuihitaji, na si siri kubwa. PIN ya simu ni ufunguo wa pesa zako, na hakuna anayepaswa kuijua. Si KRA, si ajenti, si sisi.

Matapeli wanajua jina ni moja. Wanapiga simu karibu na Juni wakijifanya maofisa, wanasema ritani yako ina tatizo, "tupe PIN tukusaidie". Kata simu.

Ukilipa ushuru kwa simu, kwanza tengeneza nambari ya malipo kwenye iTax, halafu ulipe kwa paybill 222222 ukitumia nambari hiyo kama akaunti. Ushuru hautumwi kwenye nambari ya mtu binafsi, hata akikuonyesha kitambulisho cha kazi.

Kabla ya kupanda ndege

- Chukua fomu ya P9 kwa mwajiri wako wa mwisho, na ufaili ritani ya miezi uliyofanya kazi.
- Hakikisha barua pepe iliyoko iTax unaifungua mwenyewe. Ukisahau nywila ukiwa Doha, itarudi kwenye barua pepe hiyo.
- Usiache laini yako ya Kenya ife. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na inaweza kupewa mtu mwengine.
- Amua nani atapokea kodi yako, kwa laini gani, na mwandikiane.
- Piga picha kila muhuri wa pasipoti, wa kuingia na wa kutoka.
- Hifadhi mkataba wa kazi, ukiwa na tarehe ya kuanza.

Na siku ya kurudi

Anayerudi kuishi moja kwa moja anaweza kuleta vyombo vyake vya nyumbani na gari moja bila kulipa ushuru wa forodha, chini ya Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004. Lakini awe ameishi nje angalau miaka miwili, asiwe amekaa Kenya zaidi ya jumla ya siku 90 katika miaka hiyo miwili, na gari awe amelimiliki na kulitumia huko kwa miezi 12 au zaidi. Magari ya Ghuba yana usukani wa kushoto, kwa hivyo uliza utaratibu wake kabla ya kulipakia melini. Likishafika Kilindini, kila siku ya kusubiri ina gharama yake.

Umeona zile siku 90? Ndizo zile zile wiki tatu za Idd, harusi ya Agosti na matanga ya Desemba. Zihesabu.

Ukiwa Mombasa na unataka kuulizia PIN yako ana kwa ana, meza ya KRA iko Huduma Centre, kwenye jengo la Posta Kuu, Digo Road. Na kama uko ng'ambo, mtumie makala haya yule anayekupokelea pesa nyumbani. Mara nyingi yeye ndiye anayeshika hesabu zako bila kujua.